Mto unagandaje na huku unatembea?

Barazani kwetu Ngamiani, Barabara ya 9, hapa Tanga, simu huzunguka mkono kwa mkono pamoja na kahawa. Jioni moja ilizunguka na video ya lori la mizigo likivuka mto Lena, kule Siberia, juu ya barafu, na nyuma yake foleni ya magari madogo. Jirani yetu, fundi wa majokofu, aliitazama mara mbili kisha akamrudishia mwenyewe simu yake. "Mzee, hii akili mnemba tu. Wangesema ziwa ningekubali. Mto haugandi bwana, maji yanatembea!" Baraza zima likamuunga mkono. Nani abishane na fundi wa majokofu juu ya barafu?

Nilibisha mimi. Nilisomea uhandisi wa maji Leningrad (leo St. Petersburg), enzi za Umoja wa Kisovieti, na bweni letu halikuwa mbali na mto Neva. Nimeuona ukiganda. Lakini hoja ya "nimeona kwa macho yangu" haina bei barazani, maana pale kila mtu ameona kitu, wengine hata majini. Kilichotakiwa ni kueleza unagandaje, na magharibi ilikuwa imekaribia. Nikaahidi kuandika.

Sababu aliyoitoa fundi si ya kipuuzi. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo tamu. Mwendo wa maji hauzuii mto kuganda. Unachobadilisha ni mahali barafu inapozaliwa. Ziwani barafu huanzia juu. Katika mto unaokwenda kasi huanzia ndani ya maji yenyewe, na mara nyingine chini kabisa, kwenye mawe, mita mbili kutoka juu, wakati juu kwenyewe bado ni maji matupu.

Lakini kwanza joto linaondokaje?

Sisi wa pwani tunadhani mto unapoa kwa sababu hewa iliyo juu yake ni baridi, basi. Hewa ina sehemu yake, hasa ikisaidiwa na upepo. Uvukizi nao una sehemu yake: kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto la maji yaliyobaki, ndiyo maana asubuhi za Novemba Neva ulikuwa ukifuka moshi mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Ila usiku wa mbingu safi kuna njia nyingine kubwa isiyoonekana wala kusikika. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo macho hayaioni, na maji pia hutoa. Mwaka 1879 mwanafizikia Josef Stefan, aliyekuwa akifundisha Vienna, alitoa kanuni ya mionzi hiyo: hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto, ikihesabiwa kuanzia sifuri halisi, ambayo iko nyuzi 273 chini ya sifuri tuliyoizoea.

Weka namba kwenye kanuni hiyo uone. Maji yaliyo karibu na nyuzi sifuri hutoa takriban wati 305 kwa kila mita ya mraba. Mto Pangani ukiwa na nyuzi 27 hutoa takriban wati 445. Naam, mto wetu hutupa joto kwa mionzi kuliko Neva wa Desemba, usiku kucha, kila usiku wa Mungu. Mbona basi haugandi?

Kwa sababu mbingu ya Tanga inarudisha. Hewa yetu imejaa mvuke na mawingu, navyo hutuma mionzi yao kurudi chini, wati 400 hivi kwa mita ya mraba. Hasara inayobaki ni ndogo, na jua la saa tatu asubuhi huilipa yote na ziada juu. Mbingu ya kaskazini wakati wa baridi ni kavu na yenyewe ni baridi. Hurudisha wati 200 au pungufu. Na jua la katikati ya Desemba pale Leningrad hukaa juu ya upeo kwa muda usiotimia saa sita, tena limeinama, halifiki hata juu ya mapaa ya majengo marefu. Nilikuwa nikitoka bwenini gizani na kurudi gizani. Mto unatoa, haupokei.

Hatuhitaji kwenda Urusi kuliona hilo. Sehemu ya maji ya Pangani huanzia Kilimanjaro: Karanga na Weruweru huingia Kikuletwa, Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka pale mto huteremka Korogwe na Hale hadi bahari ya Hindi. Kule juu, mita elfu nne na zaidi, hewa ni nyembamba na kavu, mbingu ya usiku hairudishi kitu cha maana. Kambi ya wapanda mlima iliyo mita 4,673 inaitwa Barafu, na jina lake halidanganyi. Vijito vidogo vya huko huganda kingoni usiku na kuachia asubuhi jua likipanda, Januari na Julai vilevile, hapa hapa jirani na ikweta. (Wengi hudhani Pangani unaishi kwa barafu ya kileleni. Hapana. Sehemu kubwa ya maji ya mlima hutokana na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, chini kabisa ya ile barafu. Lakini hilo lina makala yake.)

Turudi kaskazini tufanye hesabu aliyotufanyisha mwalimu wetu wa haidrolojia. Jumlisha mionzi, upepo na uvukizi. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, mto ulio wazi unaweza kupoteza wati 400 kwa kila mita ya mraba. Tuseme kina chake ni mita 2. Chini ya kila mita ya mraba kuna tani 2 za maji. Wati 400 kwa siku nzima ni megajuli 34.6, na kila kilo ya maji inatoa kilojuli 4.18 ili ishuke uzi mmoja. Gawanya: mto huo unashuka nyuzi 4 na kidogo kwa siku moja. Ukiwa ulianza na nyuzi 8, keshokutwa uko sifuri. Mto mzima, si ngozi yake.

Mto mzima, kwa sababu hapa ndipo ziwa na mto vinapoachana. Maji yana tabia ya pekee: ni mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Ziwa likipoa, maji ya juu yanakuwa mazito yanazama, ya chini yanapanda, mpaka lote linafika nyuzi 4. Baada ya hapo mambo yanageuka. Maji yanayopoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi, yanabaki juu, na tabaka jembamba la juu linaendelea kupoa peke yake hadi kuganda. Chini yake samaki wanaogelea kwenye nyuzi 4 bila habari. Ndivyo inavyokuwa Ladoga, ziwa linalouzaa mto Neva.

Mtoni sheria ni hiyo hiyo ila haipewi nafasi. Tofauti ya uzito kati ya lita ya maji ya nyuzi 4 na lita ya nyuzi sifuri ni gramu 0.13 tu. Mkondo unaogonga mawe na kujipindua hauwezi kusimamishwa na tofauti hiyo. Huyachota maji ya juu ukayapeleka chini, ya chini ukayaleta juu, na yote yanapoa kwa pamoja. Hapa fundi wetu ana haki yake: mwendo unachelewesha kuganda, maana lazima maji yote yapoe kwanza, si ya juu pekee. Mara nyingi ziwa dogo lililotulia huwa limeshafunikwa wakati mto wa jirani bado uko wazi. Ila mto ukifika sifuri, umefika wote, kuanzia juu hadi kwenye kokoto.

Na ukifika hapo haugandi papo hapo. Unapita. Usiku mtulivu usio na wingu, maji yanashuka chini ya sifuri kwa nyuzi 0.02, pengine 0.05, yakiwa bado maji. Kipimajoto cha dukani hakiwezi kukuonyesha hilo. Maji ya namna hii yanasubiri kichocheo tu: chembe ya theluji iliyodondoka, tone la povu lililoruka kwenye maporomoko, likaganda hewani na kurudi mtoni. Chembe ya kwanza ikiingia inakua na kuwa kisahani chembamba, duara, cha milimita chache au hata pungufu. Kinagongana na mawe na visahani wenzake, vinamegeka vipande vidogo, na kila kipande kinakuwa mbegu mpya. Baada ya muda mfupi mto uliokuwa mweusi na safi umejaa chembe zinazozunguka kuanzia juu hadi chini. Ukichota kwenye ndoo unaona kitu kama machicha ya nazi yaliyotawanyika ndani ya tui. Warusi wanaiita shuga. Ikisuguana na nguzo za daraja inatoa sauti ya kukwaruza, nyororo, isiyokoma. Nilikuwa nikisimama darajani kuisikiliza mpaka vidole vinakufa ganzi, na wenyeji wakinipita wananiangalia kwa huruma.

Barafu ni nyepesi kuliko maji, kila mtu anajua. Kilo 917 kwa mita ya ujazo dhidi ya 1,000. Kwa nini basi chembe hizi hazielei juu tu? Kwa sababu ni ndogo mno. Nguvu yake ya kupanda inashindwa na mizunguko ya mkondo. Zinapelekwa chini, na zikifika chini zinanata. Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nikitaka baraza waisikie. Wakati maji bado yako chini ya sifuri kwa zile nyuzi 0.02, kila chembe bado inakua, na chochote inachokigusa inagandia: chembe mwenzake, jiwe, gogo, chuma. Mawe ya sakafu ya mto yanavaa barafu nyeupe, laini, yenye matundumatundu, na inaweza kunenepa kwa makumi ya sentimita kwa usiku mmoja. Wataalamu huiita barafu ya nanga. Mto unaganda kutoka chini kwenda juu, na aliyesimama ukingoni anaona maji matupu yanapita.

Asubuhi jua likiupasha mto joto kidogo tu, mshiko unalegea. Barafu ya nanga inang'oka, inaibuka juu, na mara nyingi haiji peke yake. Inabeba kokoto na mawe iliyoyashika. Mawe yanaelea! Hilo sikulisema barazani. Ningelisema, ningemaliza akiba yote ya kuaminika niliyobakiwa nayo.

Neno moja kuhusu joto fiche, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa kiasi cha barafu kinachotoka. Kilo moja ya maji ya nyuzi sifuri ikiganda inatoa kilojuli 334, sawa na joto ambalo kilo hiyo hiyo ingelitoa kwa kushuka nyuzi 80. Wavuvi wa Deep Sea, hapa hapa Tanga, wanalijua hili kwa upande wa pili, ndiyo maana hununua barafu wala hakuna anayepeleka chomboni ndoo za maji baridi: barafu inapoyeyuka hunyonya joto jingi kabla halijawafikia samaki. Sasa rudi kwenye mto wetu wa wati 400. Mpaka kufika sifuri hasara yote ilikuwa ikilipwa kwa kupoa. Baada ya hapo maji hayapoi tena, kila juli inayopotea inalipwa kwa kugandisha. Megajuli 34.6 gawanya kwa kilojuli 334: kilo 103 za barafu kwa siku, kwa kila mita moja ya mraba ya maji yaliyo wazi. Eneo la uwanja wa mpira, hekta 0.7 hivi, linatoa zaidi ya tani 700 kwa siku. Mto ulio wazi wakati wa baridi kali ni kiwanda, na kiwanda hicho hakina swichi.

Kwa mtu wa kazi yangu hapa ndipo kichwa kinapoanza kuuma. Maji ya jiji la Tanga yanatoka mto Sigi, kwenye bwawa la Mabayani, na adui wa chanzo tunamjua: masika inapopiga milima ya Usambara, mto unaleta tope, magogo, na majani ya misimu yote. Vijana wanaingia na reki kusafisha zile nondo za kuzuia takataka, kazi inaendelea. Adui huyo anaonekana kwa macho, na anakuja na mvua, ambayo unaisikia juu ya bati.

Kule Leningrad tulipelekwa kuona mahali maji yanapoingilia pampu, na fundi wa zamu, mzee mmoja mwenye sharubu za manjano kwa tumbaku, alitusimulia jinsi usiku wa shuga unavyokuwa. Saa mbili za usiku kila kitu sawa. Mbingu iko wazi, hewa imetulia. Kufika alfajiri, pampu zinavuta hewa. Mto umejaa maji, mita chache tu kutoka ulipo, na hayaingii. Chembe zimegandia kwenye nondo, moja juu ya nyingine, zimeziba nafasi zote, na nyuma ya ukuta huo kisima kimekauka. Kushusha bomba chini zaidi hakusaidii kama unavyodhani, maana chembe zimetapakaa kina chote. Reki nayo inaganda.

Dawa zake nilizipenda kuliko chochote nilichojifunza mwaka ule. Kwa kuwa maji yamepita sifuri kwa sehemu chache tu za mia za uzi, huhitaji kuchemsha mto. Ukipitisha umeme au mvuke kwenye nondo ili uso wa chuma ukae juu ya sifuri kidogo, chembe hazishiki. Wengine hubadilisha chuma kwa mbao au plastiki, visivyopitisha joto upesi. Lakini dawa kubwa ni ya kinyume kabisa na akili ya kawaida: usaidie mto ugande haraka. Kabla mto haujafika kwenye chanzo unapunguza kasi ya maji, au unatandaza magogo yanayoelea yaliyofungwa kwa nyaya, ili vipande vya barafu vinase na kuungana. Mto ukishafunikwa, hewa baridi haigusi tena maji na shuga inakatika. Pale ziwa Erie linapomwagikia mto Niagara, kati ya Marekani na Kanada, kizuizi cha namna hiyo chenye urefu wa kilomita 2.7 kimekuwa kikitandazwa kila majira ya baridi tangu 1964, kulinda mitambo ya umeme iliyo chini.

Mfuniko wenyewe unajengwa hivi. Chembe zikichoka kuzunguka zinashikana mafungu makubwa, yanaelea, juu yake panakauka na kuwa mgumu kwa baridi, kingo zinajikunja kwa kugongana, na mto unajaa visahani vyeupe vya upana wa mita moja au mbili vinavyosafiri pamoja. Wakati huo huo barafu ya kingoni, pale maji yalipopoa kwa utulivu, inanyoosha mikono kutoka pande zote mbili. Mahali penye kona au daraja, visahani vinakwama, vinavyofuata vinajipanga nyuma yake. Hapa kasi ndiyo hakimu. Mkondo ukiwa chini ya mita 0.7 kwa sekunde hivi, visahani hujipanga na mfuniko hukua kuelekea maji yanakotoka. Ukizidi hapo, visahani huzamishwa chini ya vile vilivyotangulia, vinarundikana, na unaweza kupata lundo la shuga chini ya barafu linaloziba sehemu kubwa ya mto. Watu wa London walikuwa wakifanya magulio juu ya mto Thames uliogandamana; la mwisho lilikuwa Februari 1814. Daraja lao kongwe lilikuwa na nguzo nene na matao membamba yaliyokuwa yakizuia maji. Lilipobomolewa mwaka 1831 mkondo ukapata nafasi ya kukimbia, na gulio la barafu halikurudi tena. Baridi yenyewe pia imepungua tangu wakati ule, nikiri, lakini daraja lina sehemu yake.

Mfuniko ukishafunga, barafu inaendelea kunenepa kwa chini, na inanenepa kwa uvivu unaozidi. Joto sasa lazima lipenye barafu yenyewe ndipo litoke, na kadiri barafu inavyonenepa ndivyo njia inavyorefuka. Aliyeliandika hili kwa kanuni ni nani? Stefan yule yule wa mionzi, muongo mmoja hivi baadaye, akitumia vipimo vilivyoletwa na misafara ya bahari za kaskazini. Unene unafuata kipeuo cha pili cha jumla ya baridi. Kwa mto wenye theluji kiasi juu yake, mahandisi huzidisha kwa 2 hivi wapate sentimita. Siku 10 za nyuzi 20 chini ya sifuri zinafanya 200. Kipeuo chake ni 14. Barafu sentimita 28. Ukitaka iwe mara mbili, subiri siku 40, si 20.

Na sasa lori. Mwaka 1971 Lorne Gold, mtafiti wa Kanada, alikusanya kumbukumbu za magari yaliyovuka salama na yaliyozama, akatoa kipimo ambacho bado kinatumika: chukua unene kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 4, unapata kilo ambazo barafu safi, ngumu, inaweza kubeba kwa tahadhari. Sentimita 30 ni kilo 3,600. Mita moja ni tani 40. Barafu ya Lena pale Yakutsk hupita mita moja baridi ikikomaa, na mji ule umeishi miaka yote bila daraja: kiangazi feri, baridi barabara ya barafu. Kwa hiyo lori la kwenye video halina muujiza wowote. Jambo la kuogopa ni mwendo. Gari likikimbia linasukuma wimbi kwenye maji yaliyo chini, barafu inapinda, na wimbi likilingana na kasi ya gari barafu inavunjika hata kama unene unatosha. Wenyeji wa Leningrad wanalijua hilo tangu majira ya baridi ya 1941, mji ulipozingirwa na chakula kikapitishwa kwa malori juu ya ziwa Ladoga. Madereva waliendesha milango ikiwa wazi.

Kuvunjika kwake ni hatari kuliko kuganda kwake. Mto Lena unatiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, kilomita 4,400 hivi. Machipuko yanaanza kusini. Maji ya theluji yanateremka na vipande vya barafu wakati sehemu za kaskazini bado zimefungwa kabisa. Vinakutana na ukuta, vinarundikana, mto unapanda kwa mita kadhaa ndani ya saa chache. Mei 2001 mji wa Lensk ulifunikwa hivyo, na ndege za kivita zikatumwa kulipua rundo la barafu kwa mabomu. Kuna nyakati barafu inafanya kinyume, inanyima. Usiku wa tarehe 29 Machi 1848 upepo uliisukuma barafu ya ziwa Erie ikaziba mdomo wa mto Niagara. Wakazi wa chini waliamshwa na ukimya: maporomoko yamekata. Mitambo ya kusaga ikasimama, watu wakatembea kwenye sakafu ya mto wakiokota mabaki ya silaha za vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, mpaka ziwa lilipoachia na ukuta wa maji ukarudi.

Vijana wa baraza wanaopenda mikeka watafurahi kusikia kwamba siku ya kuvunjika kwa barafu huchezewa bahati nasibu. Katika mji mdogo wa Nenana, Alaska, tangu 1917 watu hununua tiketi kukisia dakika ambayo barafu ya mto Tanana itaondoka. Mhimili wa mbao unasimikwa juu ya barafu na kufungwa kwa waya kwenye saa iliyo ukingoni. Barafu ikisogea futi 100, sawa na mita 30, saa inasimama. Mwaka 2013 ilisubiri hadi tarehe 20 Mei. Mwaka 2019 iliondoka tarehe 14 Aprili, mapema kuliko wakati wowote tangu mchezo uanze. Mimi ningeanza kwa kujumlisha baridi yote tangu Novemba kwa kipimo cha Stefan, kisha ningeuliza theluji ya milimani ni nyingi kiasi gani, kwa sababu maji yake ndiyo yanayokuja kuinua mfuniko. Na tarehe za Mei ningewaachia wengine.